Tarehe saba kwenye jalada: namna nilivyopata uhakika wa wokovu

Ukifungua jalada la Biblia yangu ya zamani utakuta tarehe saba, kila moja na neno "nimeokoka", kalamu tofauti tofauti, sita zimepigwa mstari wa kufuta. Kila mhubiri alipouliza, "Ukifa usiku huu utakwenda wapi?" niliinuka nikaenda mbele, kwa kuwa nilidhani ile ya mwisho haikushika.

Aliyenikomesha ni mzee mmoja wa kanisa. Alivaa miwani, akazisoma tarehe zile polepole kama anayeita mahudhurio, kisha akauliza: "Mwanangu, hii ya nne ilikuwa na kasoro gani?" Nikakosa la kusema. Siku zote nilikuwa nakagua sala yangu: je, nililia vya kutosha? Nilimaanisha? Kama Yesu anaweza kuokoa au la, hilo sikuwahi hata kujiuliza.

Basi, ukiwa unahangaika kama mimi, kwa mwezi mzima usiongozwe tena sala ya toba. Ukikosea, ungama; 1 Yohana 1:9 iko pale kwa kazi hiyo. Mtoto akivunja kikombe huomba msamaha, haombi kuzaliwa tena.

Halafu kaa na Waraka wa Kwanza wa Yohana. Ni sura tano tu, ukisoma kwa sauti nusu saa haiishi. Shika penseli, pigia mstari kila "twajua" na "tunajua". Lengo la waraka liko 5:13: "Nimewaandikia ninyi mambo hayo, ili mjue ya kuwa mna uzima wa milele, ninyi mnaoliamini jina la Mwana wa Mungu." Angalia anaowaandikia. Wameshaamini, na bado walihitaji kuandikiwa ndipo wajue. Kumbe mtu anaweza kuwa nao uzima na asijue! Mimi nilichukulia kwamba kukosa uhakika ndiyo dalili yenyewe ya kukosa wokovu.

Utajikwaa kwenye 3:9, kwamba aliyezaliwa na Mungu "hatendi dhambi". Aya hiyo ilininyima usingizi. Usiisome peke yake. Rudi 1:8, Yohana yule yule anasema tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe. Kitenzi cha Kiyunani katika 3:9 kiko katika hali ya kuendelea, na wafasiri wengi huona anayesemwa hapo ni mtu aliyefanya dhambi kuwa mwenendo wake, siyo yule anayeanguka na kuumia kwa kuanguka.

Waraka una alama zake: kuamini kwamba Yesu ndiye Kristo, kushika amri, kuwapenda ndugu. Usizigeuze mtihani wa kuhesabu maksi, lakini pia usiziruke. Mimi penseli ilisimama kwenye 3:14, maana nilikuwa sijasemezana na dada yangu miaka miwili, tena kwa jambo la kipuuzi. Wakati mwingine moyo hautulii kwa sababu kuna kitu umekikalia. Nilimpigia simu. Mazungumzo yalikuwa mafupi na makavu, lakini usiku ule niliposali sikuwa najificha.

Kuhusu hisia, watu hupenda kumtaja John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, ambaye moyo wake ulipata joto la ajabu jijini London tarehe 24 Mei 1738. Wanachoacha kusimulia ni kwamba yeye mwenyewe aliandika kuwa haikuchukua muda adui akamnong'oneza: hii haiwezi kuwa imani, mbona huna furaha? Aliporudi nyumbani majaribu yakamwandama. Joto likija, shukuru. Lisipokuja, usilisubiri.

Ujue pia makanisa hayafundishi sawa. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547 ulikataa kwamba mtu aweza kuwa na hakika isiyo na shaka kuwa atadumu hadi mwisho, isipokuwa kwa ufunuo maalumu. Walio katika mkondo wa Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, husema aliyeokoka kweli hapotei. Wafuasi wa Wesley husema una uhakika leo, ila unaweza kuanguka. Muulize mchungaji wako yeye anasimama wapi, usije ukachanganya mahubiri ya pande tatu kama nilivyofanya mimi.

Na kama shaka inakurudia mara hamsini kwa siku, unasali maneno yale yale hadi usingizi unapotea, mwone na daktari au mshauri nasaha. Wasiwasi wa namna hiyo unaweza kuwa ugonjwa, nao una tiba.

Shaka za kawaida za usiku wa manane mimi huzijibu kwa Yohana 6:37: ajaye kwangu "sitamtupa nje kamwe". Sibishani tena juu ya tarehe. Nasema, "Bwana, kama sikuwahi kuja, naja sasa, kama nilikuja, bado nipo." Mara moja tu, kwa sauti ya chini. Kisha nageukia ukutani nalala.