Rangi za msimu jikoni: kupika mchicha, boga na embe bila kuua rangi

Msimu ukifika utauona sokoni kabla hujauliza bei. Maembe huacha kupangwa mezani mafungu ya matatu matatu, yanamwagwa chini kwenye turubai. Fungu la mchicha linanenepa, bei iko palepale. Siku kama hiyo rangi ya sahani huhitaji kuitafuta, umeletewa. Tatizo liko nyumbani: mchicha uliotoka sokoni kijani kibichi unaishia mezani rangi ya kaki, boga linakuwa uji wa kijivu, kachumbari inaogelea kwenye maji ya waridi. Kila rangi ina adui wake. Kijani inachukia asidi na kukaa sana motoni, manjano inataka mafuta, nyekundu na zambarau hutoroka na maji. Mengine yote hapa chini yanatokana na hayo.

Nini kinapatikana lini

Kwa pwani ya Tanzania na Kenya, masika ya Machi hadi Mei ndiyo wakati wa majani: mchicha, matembele, majani ya maboga, mlenda. Mvua ikizidi, nyanya huoza shambani na bei hupanda, kwa hiyo uchachu utafute kwenye ukwaju au ndimu badala ya kulazimisha nyanya nne kila mchuzi. Baada ya masika maboga hukomaa, na machungwa ya Muheza hujaa sokoni kuanzia Juni hivi. Embe hutawala kuanzia Novemba hadi Januari au Februari, kutegemea mvua na aina. Ukiwa nyanda za juu kalenda husogea, lakini kanuni ya turubai ni ileile.

Nunua rangi tatu kila unapokwenda: jani moja, kitu kimoja cha manjano au rangi ya chungwa, na kimoja chekundu. Inatosha kwa siku mbili. Anayenunua rangi saba Jumamosi hutupa nne Jumatano.

Kijani: mchicha wa nazi

Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, ina magnesi katikati yake. Asidi na moto vikiishika muda mrefu, magnesi hutoka na jani hugeuka kaki. Jani lenyewe lina asidi zake ndani. Ukifunika sufuria, zile zinazopanda na mvuke hugonga kifuniko na kurudi chini. Kwa hiyo mchicha haufunikwi, na ndimu haiingii kwenye sufuria. Ndimu ikatwe, iwekwe mezani, kila mtu ajikamulie.

Kwa watu wanne chukua mafungu 3 ya mchicha, nazi 1, kitunguu maji 1, nyanya 1 ndogo, manjano nusu kijiko cha chai, mafuta kijiko kikubwa 1 na chumvi.

Osha mchicha kabla ya kuukata, kwenye beseni pana lenye maji mengi. Usimwage maji huku mchicha uko ndani, maana mchanga uliotulia chini utarudi juu ya majani. Nyanyua mchicha kwa mikono, uuweke pembeni, mwaga maji, rudia. Mara tatu kwa kawaida; wakati wa mvua, nne. Ung'ute vizuri, kisha katakata.

Ikune nazi. Kamua tui la kwanza kwa kikombe 1 cha maji ya vuguvugu, liweke kando. Machicha yaleyale yakamue tena kwa kikombe 1 kupata tui jepesi.

Kaanga kitunguu kwa mafuta hadi kilainike, tia manjano, zungusha kwa nusu dakika, ndipo uweke nyanya. Nyanya ni asidi, hivyo iive hadi iwe rojo na mafuta yaanze kujitenga kabla jani lolote halijaingia. Mimina tui jepesi, lichemke hadi libaki nusu. Sasa tia mchicha wote, hata kama sufuria inaonekana kufurika. Ndani ya dakika 2 utakuwa umenywea. Geuza kwa mwiko, bila kifuniko, dakika 4 au 5. Mimina tui la kwanza, koroga taratibu bila kuacha mpaka lianze kutokota pembeni, acha dakika 2, epua.

Chumvi itie mwisho. Mlima wa mchicha mbichi hudanganya macho: ukiutia chumvi kwa ukubwa wake, ukinywea utakuwa na chumvi ya kutosha sufuria tatu.

Tui likikatika, yaani likaachana mafuta huku na maji kule, moto ulikuwa mkali au hukukoroga. Linalika, ila sura imeharibika. Ukitumia spinachi badala ya mchicha, dakika 2 zinatosha; matembele yanataka 5 hadi 6. Kisamvu hakimo katika hesabu hii kabisa. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, lazima yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu, saa nzima au zaidi, sufuria ikiwa wazi. Rangi yake ya kijani iliyokolea na kufifia ni ya halali, usijaribu kuiokoa.

Kuhusu magadi: ndiyo, chembe ya magadi huhifadhi kijani, na mlenda wa magadi una wapenzi wake. Lakini huharibu vitamini C na B1 na kuyafanya majani kuteleza. Kwa mchicha hayana kazi.

Maharage machanga ya kijani yana njia yake: chemsha lita 2 za maji na kijiko kikubwa cha chumvi, tia maharage yakiwa mazima, dakika 3, yatoe moja kwa moja hadi kwenye maji ya baridi sana. Ukiyaacha kwenye chujio yakiwa moto, yanaendelea kujipika yenyewe.

Manjano: boga na bizari

Boga zuri ni zito kuliko unavyotarajia, kikonyo chake kimekauka, na kucha haiingii kwenye ganda. Likiwa changa huwa na maji mengi, na hakuna nazi itakayolitengeneza. Ukishalinunua hivyo, lipike kwa mvuke badala ya kulichemsha, kisha lirudishe kwenye sufuria kavu dakika chache likauke.

Kwa futari ya boga kilo 1: menya, toa mbegu (zioshe, zianike, zikaange kavu na chumvi), kata vipande vya ukubwa wa kiberiti. Vipange kwenye sufuria pana kwa safu mbili tu. Mimina tui jepesi kikombe 1 na nusu, chumvi kidogo, iliki 3 zilizopondwa. Funika, moto wa wastani, dakika 12 hadi 15. Usikoroge. Hapa ndipo wengi huharibu: mwiko ukiingia, vipande huvunjika, na rangi ya chungwa huzama kwenye rojo jeupe. Shika masikio ya sufuria utikise. Kisu kikipita bila kugoma, tia sukari vijiko vikubwa 2 na tui zito kikombe 1, tikisa tena mpaka tui litokote, epua likiwa bado jepesi kidogo maana litakaza likipoa. Rangi ya boga, kama ya karoti, ni karotini, nayo huyeyuka kwenye mafuta. Ndiyo sababu mafuta ya tui huwa na ukingo wa dhahabu, na mwili pia huipokea vizuri zaidi ikiwa na mafuta.

Manjano ya unga ina tabia hiyohiyo. Haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo ukiinyunyiza kwenye wali unaochemka utapata madoa. Ikaange kwenye mafuta sekunde 30, tia mchele, geuza kila punje ipate, ndipo maji. Nusu kijiko cha chai kwa vikombe 2 vya mchele. Kijiko kizima huleta uchungu, na rangi haiongezeki kiasi cha kuufidia.

Kanga ikipata doa la manjano, utaona likipigwa sabuni linageuka jekundu kama damu. Usiogope, ni manjano ikikutana na alkali ya sabuni. Suuza, anika juani. Jua hulifuta doa hilo lenyewe, pengine kwa siku mbili. (Kwa sababu hiyohiyo, manjano ikae kwenye kopo lisilopitisha mwanga, siyo chupa ya dirishani, hata kama inapendeza pale.)

Nyekundu na zambarau

Kachumbari inayoogelea ilitiwa chumvi mapema. Chumvi huvuta maji ya nyanya ndani ya dakika chache. Kata kitunguu maji chekundu 1 kikubwa vipande vyembamba, kisugue na kijiko cha chai cha chumvi, kisuuze mara mbili, kikamue. Kikamulie ndimu nusu, kiache dakika 20: ukali umepungua na kimegeuka waridi inayong'aa. Nyanya 4 ngumu zikate, utoe mbegu na ute wake. Changanya na tango au embe bichi lililokatwa kama njiti, pilipili mbuzi kipande, giligilani. Chumvi na ndimu iliyobaki vitie wali ukiwa tayari umepakuliwa.

Kiazisukari, yaani bitiruti, chemsha na ganda lake na kipande cha shina cha sentimita 2 na mkia wake. Ukikikata mbichi, rangi yote inabaki kwenye maji. Dakika 40 hadi 50 kwa cha ukubwa wa ngumi. Ganda litatoka kwa kusugua kidole. Kiwekwe kwenye sahani mwisho na pembeni, kwani kinapaka rangi kila jirani.

Kama kuna watoto jikoni, kata kabeji ya zambarau nyembamba, igawe bakuli mbili, uzimwagie maji moto kidogo. Moja kamulia ndimu: inageuka waridi. Nyingine tia chembe ya magadi: bluu, halafu kijani. Ya ndimu inaliwa. Ya magadi ni ya kuangalia tu.

Na kabla ya kulaumu mapishi, angalia taa. Chini ya balbu ya manjano kitunguu kilichoungua huonekana kimeiva vizuri, na mchicha wa kaki huonekana sawa tu. Weka balbu nyeupe juu ya jiko. Sahani nyeupe au ya rangi moja hubeba chakula cha rangi nyingi. Sahani ya maua ifae biskuti.

Achari ya embe, ya kutunza msimu

Tumia kilo 1 ya maembe mabichi, magumu, ambayo nyama yake bado nyeupe. Likianza kuwa manjano karibu na kokwa, litalainika kwenye chupa. Utomvu wa kwenye kikonyo huwasha ngozi: kata kikonyo, yainamishe maembe dakika 10 yatoke utomvu, ndipo uoshe. Yafute kwa kitambaa mpaka yakauke kabisa. Maji ndiyo adui mkuu wa achari, na mengi yanayoitwa "achari kuharibika" ni kisu au bakuli lililokuwa na maji.

1. Kata vipande vya unene wa sentimita 1 na ganda lake. Changanya na vijiko vikubwa 3 vya chumvi kwenye bakuli la kioo au plastiki, funika, laza.

2. Asubuhi mwaga maji yaliyojitoa. Tandaza vipande kwenye ungo juani, tuseme saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri, na chandarua juu kuzuia nzi. Viko tayari vikianza kujikunja kingo lakini bado vinapindika bila kuvunjika. Siku ya mawingu usianze.

3. Pasha kikombe 1 cha mafuta kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Siki na embe hula alumini na kuacha ladha ya bati. Tia kijiko kikubwa 1 cha mbegu za haradali na nusu kijiko cha chai cha uwatu. Haradali zikianza kuruka, epua.

4. Subiri dakika 2. Mafuta yakitulia tia kitunguu saumu punje 6 kilichotwangwa, manjano kijiko cha chai 1, pilipili nyekundu ya unga kijiko kikubwa 1 au 2. Ukizitia mafuta yakiwa ya moto sana, pilipili huungua, achari yote inakuwa ya kahawia na chungu, na haina dawa.

5. Rudisha motoni na embe pamoja na siki nusu kikombe. Moto mdogo, dakika 5, basi. Jaza kwenye chupa iliyochemshwa dakika 10 na kukaushwa ndani kabisa. Mafuta lazima yafunike vipande. Yakipungua, pasha mengine, yapoe, ongeza.

Itunze kwenye friji na uchote kwa kijiko kikavu. Ukungu mweupe ukitokea juu, usikwangue. Tupa chupa nzima. Siku ya kwanza itakuwa na chumvi kali na uchungu wa uwatu, na wengi hapo huongeza sukari wakajuta. Ifunge, uiache wiki 1, ndipo uionje na wali wa nazi.