Ukivuka Likoni, vuka na kazi zote za Likoni: somo la vichujio vya Todoist

Nilikuwa nimeshavuka Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, nimechukua risiti za mteja mmoja, nimerudi kisiwani kwa feri ya saa kumi. Mguu ndio kwanza unakanyaga lami ya upande wa mjini, nikakumbuka faili la mteja wa Mtongwe, huko huko ng'ambo nilikotoka. Nalo nilikuwa nimeliandika! Lilikuwa kwenye orodha, mbali chini, baada ya "nunua wino wa printa" na "mpigie fundi wa mfereji". Aendaye kwa miguu halipi feri, lakini jua la saa kumi na umati wa watu wanaotoka kazini vina gharama yake. Nikageuka nikapanga foleni tena.

Mimi huandika hesabu za maduka madogo: wengine wako Biashara Street na Marikiti, wengine Kongowea, wengine Likoni na Mtongwe. Nina kazi themanini na ushei ndani ya simu na sina haja ya kuziona zote kwa pamoja. Nataka zile ninazoweza kuzifanya pale nilipo. Hapo ndipo kichujio kinapoingia. Ni swali unaliandika mara moja, unalihifadhi, na kila ukiligusa programu inalijibu upya kwa kazi zilizopo siku hiyo. Hakifuti kazi wala hakiihamishi. Ukikamua nazi kwa kifumbu, tui hushuka na chicha hubaki ndani. Basi hata hapa chicha ipo palepale, ila haikusumbui macho.

Natumia Todoist, programu ya kuorodhesha kazi za kufanya, kwa hiyo amri nitakazoandika ni za Todoist, tena kwa maneno ya Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha niliyoiwekea programu.

Hatua ya kwanza: lebo

Wengi hukimbilia kutengeneza kichujio, kikifunguka wanakuta kitupu, wakasema programu mbovu. Kichujio hakijui kwamba Mtongwe iko ng'ambo. Lazima umwambie, na unamwambia kwa lebo. Ukiandika kazi mpya, malizia na alama ya @ na jina: "Chukua faili la risiti @likoni". Mimi nina lebo tatu za mahali, @kisiwani, @likoni na @nyali, na hiyo ya mwisho inashika kila kilicho baada ya daraja la Nyali, Kongowea ikiwemo. Changamwe naenda mara chache, sikuitengenezea yake. Nyingine mbili ni @kra, ya mambo ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na @kusubiri, ya kazi ninazomngoja mtu mwingine. Ziko tano basi. Niliwahi kufika kumi na tisa, nikawa napoteza muda kuchagua lebo kuliko kufanya kazi yenyewe.

Andika lebo kwa herufi ndogo na kwa neno moja. Na usiweke lebo kwenye kazi unayoweza kuifanya popote kwa simu. Iache hivyo hivyo.

Hatua ya pili: kichujio chenyewe

Kwenye simu gusa Browse, halafu Filters & Labels, halafu alama ya kujumlisha iliyo karibu na Filters. Utaombwa jina, amri na rangi. Rangi chagua uipendayo.

Alama ni tatu. & maana yake "na", | maana yake "au", ! maana yake "si". Hiyo ya katikati ndiyo inayowatoa watu jasho. Si herufi I kubwa wala l ndogo, ni mstari uliosimama, na kwenye kibodi nyingi za simu umefichwa ukurasa wa pili wa alama. Ukiandika I badala yake, kichujio hakitafanya kazi na utakaa unakikodolea macho, kwa kuwa vinafanana kama pacha.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifunza. Kichujio changu cha kwanza kilikuwa hiki:

today & @likoni

Kinaonekana kizuri. Kazi za leo, za Likoni. Nikakitumia wiki mbili nikijisifu. Kisha siku ya Jumanne nikavuka, nikafanya zote mbili zilizotokea, nikarudi. Alhamisi nikavuka tena kwa kazi moja ya dakika tano ambayo Jumanne ilikuwepo, ila kwa kuwa tarehe yake ilikuwa Alhamisi, kichujio kilinifichia. Yaani nilikuwa nimemwambia mwenyewe anifichie!

Kwa mtu wa Mombasa kuvuka maji ndiyo kazi kubwa. Ile kazi yenyewe mara nyingi ni ndogo. Ukishafika ng'ambo, hutaki kujua la leo tu. Unataka kujua kila kilichoko kule ambacho kinaweza kumalizwa safari hiyo moja. Kwa hiyo amri yangu ya sasa ni hii:

@likoni & (overdue | 7 days | no date) & !@kusubiri

Isome polepole. Yenye lebo ya Likoni. Na iwe imepitwa na tarehe, au inaangukia ndani ya siku saba zijazo, au haina tarehe kabisa. Na isiwe ninayomsubiri mtu mwingine. Siku saba zinahesabu na leo. Kilichopitwa na tarehe hakimo ndani ya "7 days", ndiyo maana overdue imeandikwa peke yake. Ukiisahau, kazi uliyochelewa nayo ndiyo itakayotoweka, nayo ndiyo uliyoihitaji kuliko zote.

Mabano usiyaache. Bila hayo alama ya & inashikana na jirani yake tu, na utaletewa kazi za wiki nzima za Nyali na kisiwani zikiwa zimechanganyika na za Likoni.

Nakili amri hiyo, badilisha lebo, upate ya @nyali na ya @kisiwani. Ila kwa akaunti ya bure utapewa vichujio vitatu tu, kwa hiyo usivimalize kwa mahali. Tumia koma. Amri mbili zikitenganishwa na koma, kichujio kimoja kinakuonyesha orodha mbili, moja chini ya nyingine:

@likoni & (overdue | 7 days | no date), @nyali & (overdue | 7 days | no date)

Mimi nimekiita "Ng'ambo". Kisiwani sikukitengenezea, maana ndiko niliko siku nyingi.

Cha pili ni cha KRA: @kra & (overdue | 10 days). Siku kumi kwa sababu PAYE, kodi ya mishahara, mwisho wake tarehe 9 ya mwezi unaofuata na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20, na mteja wa duka hakupi risiti siku ya kwanza ukimwomba. Tena tarehe ninazoandika si hizo. Nimeandika "every 5th" kwa PAYE na "every 16th" kwa VAT, kazi inajirudia yenyewe kila mwezi. Atakayengoja tarehe 20 usiku atakutana na wenzake wote kwenye iTax, mtandao wa KRA wa kuwasilisha kodi.

Cha tatu, @kusubiri & (today | overdue). Kila ninachomdai mtu, risiti au sahihi au pesa yangu, nakiwekea tarehe ya kumkumbusha. Siku hiyo kinajitokeza. Kabla yake simfikirii.

Vitatu basi. Ukiona unataka cha nne, jiulize kwanza utakifungua ukiwa wapi na saa ngapi. Kama huna jibu, kiache.

Maswali niliyoulizwa

Mwenye duka la leso, kisiwani: Mwanangu, mimi si mtu wa mitambo. Hii nilikuwa nafanya kwa daftari, ukurasa mmoja kila mtaa. Kuna tofauti gani?

Shikamoo baba. Daftari lako ni sawa kabisa, na kama linakutosha usilitupe. Tofauti moja tu: kwenye daftari kazi moja inakaa ukurasa mmoja. Hapa fomu ya VAT ya mteja wa Likoni ina @kra na @likoni kwa pamoja, kwa hiyo inatokea kwenye vichujio viwili bila kuandikwa mara mbili. Ukiimaliza kwenye kimoja imeisha kotekote.

Fundi wa friji, Kisauni: Dada, mimi natumia Google Tasks. Hizi amri nitaziweka wapi?

Huna pa kuziweka, kaka. Google Tasks haina lebo wala vichujio vya kujitengenezea. Unachoweza ni kufungua orodha moja kwa kila upande: Kisiwani, Likoni, Nyali. Itakusaidia nusu ya njia. Utakwama tu pale kazi moja inapotaka kukaa orodha mbili.

Mama lishe, Mwembe Tayari: Mimi mume wangu yumo kwenye mradi wangu wa Todoist, yaani orodha tunayoshirikiana, tunagawana ununuzi. Nikifungua kichujio naona na ya kwake. Nimechoka kumfanyia kazi.

Ongeza mwishoni: & !assigned to: others. Utabaki na zako na zile ambazo bado hazijapewa mtu. Naye hataona kichujio hicho. Mradi mnashirikiana, kichujio ni cha mwenye akaunti. Hilo la kumfanyia kazi zake, dada, halina amri.

Dereva wa tuktuk: Bando likiisha je?

Kwenye simu orodha inafunguka hata bila intaneti, na unaweza kuongeza kazi au kuimaliza. Bando likirudi inajisawazisha. Ila kama mwenzako ameongeza kitu wakati huo, hutakiona mpaka urudi hewani.

Huyo huyo: Na service ya injini nimeandika "every 3 months" lakini nikichelewa tarehe zinanivuruga.

Weka alama ya mshangao: "every! 3 months". Bila hiyo, miezi mitatu inahesabiwa kutoka tarehe iliyopangwa. Ukiiweka inahesabiwa kutoka siku uliyomaliza, na kwa injini hiyo ndiyo unayoitaka. Kwa KRA usiiweke kamwe, kwa sababu tarehe 9 haingoji wewe ulimaliza lini mwezi uliopita.

Mwalimu wa chekechea, Bamburi: Nimefuata kila hatua, kichujio kinaleta kazi nne tu na mimi nina zaidi ya hamsini. Nimekosea wapi?

Pengine hukukosea. Zilizobaki angalia kama zina lebo. Andika kichujio cha muda, no date & no labels, ukione kinaleta ngapi. Zikija arobaini, hizo ndizo ulizoziandika zamani kabla ya kuanza lebo. Usizipitie zote usiku mmoja. Ukizikuta ambazo hata hukumbuki uliziandika kwa nini, zifute. Nyingine zipe lebo tano tano ukiwa kwenye matatu, halafu kibadilishe kichujio hicho kiwe cha @kusubiri.