Karatasi ya nyuma ya kaunta
Jamani wenye nyumba za wageni Shela na Lamu mjini, ile karatasi ya nywila mliyoibandika nyuma ya kaunta ibandueni leo. Mgeni anayesubiri ufunguo ana simu yenye kamera. Wekeni programu ya kutunza nywila. Mojawapo, Bitwarden, ina toleo la bure. Kila akaunti, kuanzia barua pepe hadi ile ya kupokelea bukingi, ipate nywila yake ndefu. Programu yenyewe huibuni na kuikumbuka. Ninyi mnakariri moja tu, ya kuifungulia. Iwe maneno manne matano yasiyohusiana, si jina la mashua yenu (najua mshaliweka!). Na mfanyakazi akiondoka, kumtoa kwenye programu hakutoshi: nywila zote alizokwisha kuziona zibadilishwe siku hiyo hiyo.