Kabla ya kwenda kutafuta vyura Amani

Subiri masika yakolee ndipo upande Amani, kule Usambara Mashariki. Usiku baada ya mvua madume hulia, na sauti husaidia mno kumtambua chura. Hakikisha simu ina nafasi ya kutosha, urekodi ukiwa mbali, ukimsogelea atanyamaza.

Msitu ni hifadhi iliyo chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, hivyo lipia kiingilio na umwambie mwongozaji mapema kwamba mtatembea usiku. Kukamata na kuondoka nao kunataka vibali vingine kabisa, hapa nazungumzia kuangalia na kupiga picha tu.

Salamanda usijisumbue kuwatafuta, maana kusini mwa Sahara hawapo. Ila ukigeuza gogo lililooza ukakuta kitu chembamba chenye pingili kama mnyoo, lakini kina taya na meno, huyo ni amfibia asiye na miguu. Asiuawe kwa kudhaniwa nyoka. Gogo lirudishe lilivyokuwa.

Kinachowapoteza wengi ni rangi. Leptopelis vermiculatus, chura anayeishi juu ya miti, anaweza kuwa wa kijani mwenye michirizi myeusi, na mwenzake wa aina ileile akawa wa kahawia. Kwa hiyo picha moja ya mgongoni haitoshi. Piga ubavu, vidole na jicho kwa karibu: mboni ya Leptopelis husimama wima mwanga ukiipiga, ya Hyperolius, kundi jingine la vyura, hulala. Angalia pia kama ncha za vidole zina visahani vya kunatia. Na usiishie kwenye madimbwi. Chura aitwaye Nectophrynoides tornieri huzaa vitoto vilivyokamilika, havipitii hatua ya kiluwiluwi majini. Usiku mmulike juu ya majani ya vichaka.

Gambuti zako zisugue tope lote, zitie dawa, zikauke kabisa kabla ya safari. Si usafi wa kupendeza huo. Kuna kuvu anayeua vyura, naye husafiri kwenye tope na maji. Chura wa Kihansi, wa bonde la mto Kihansi hapa Tanzania, aliyekwisha kupungukiwa na manyunyu ya maporomoko baada ya mradi wa umeme, alikutwa na kuvu huyo, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini.

Dawa ya mbu paka, lakini isiguse viganja: ngozi ya chura hufyonza kila kitu. Vaa mikono mirefu badala yake. Tochi ya kichwani iwe na betri za akiba, na nyingine mpe mwongozaji, kwa sababu nyoka nao hufuata vyura.