Jinsi ya kumsoma mtu aliyelewa dawa: pumzi, macho na saa

Usiku ule mdogo wangu alikuwa anakoroma. Mama alisimama mlangoni akanong'ona, "Mwache alale, leo angalau kapata usingizi." Mimi tayari nilikuwa muuguzi, mwaka wa 4 kazini, na nilikuwa nimeshapita mlango ule mara mbili nikiusikia mkoromo bila kuusikiliza. Mara ya tatu ndipo masikio yaliponizinduka. Ulikuwa mkoromo mzito, wa majimaji, halafu kimya kirefu, halafu mkoromo tena. Nikawasha taa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na nilipoinua kope nilikuta mboni imefinyika kama tundu la sindano. Hakuwa amelala hata kidogo. Sehemu ya ubongo inayomkumbusha mtu kupumua ilikuwa imeanza kusahau kazi yake.

Aliishi. Tangu hapo nimefanya kazi na waraibu kwa miaka 19, na ndugu wanaowaleta huwa wananiuliza swali lilelile: mbona tabia yake imekuwa hivi? Ninawaomba waliweke kando kwanza. Uliza ubongo wake umeshikwa wapi sasa hivi. Jibu liko mwilini, na mtu yeyote anaweza kulisoma nyumbani bila kipimo cha maabara.

Anza na pumzi

Kabla ya kunusa mdomo, kabla ya kupekua mifuko, tazama kifua. Shika saa uhesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukipata chini ya 10, au pumzi inakatika na kurudi kwa mkoromo, hiyo ni dharura, hata kama uso wake umetulia kama wa mtoto aliyeshiba.

Chini kabisa ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna seli zinazopiga mdundo wa kupumua usiku na mchana bila kuombwa. Seli hizo zina vipokezi ambavyo mwili huvitumia kwa endofini, dawa ya maumivu unayojitengenezea wenyewe. Heroini, mofini, kodeini, tramadoli na fentanili huingia kwenye vipokezi hivyohivyo kama ufunguo kwenye kitasa. Maumivu yanapoa, hofu inapoa, na ule mdundo nao unapoa. Kwa kawaida hewa ukaa ikizidi kwenye damu, ubongo hushtuka ukavuta pumzi kwa nguvu. Dawa hizo, zote za jamii ya afyuni, zinauzima mshtuko huo, ndiyo maana mtu aliyezidisha dozi hahangaiki wala hapigi kelele. Anafifia tu, na walio chumba cha pili wanadhani amepata usingizi.

Hatari inaongezeka sana akiwa amechanganya na pombe au vidonge vya jamii ya diazepamu. Hivyo vinapitia mlango mwingine: vinaipa nguvu GABA, kemikali inayoziambia seli za ubongo zitulie. Mdundo mmoja unakandamizwa kutoka pande mbili. Kiasi cha unga alichokizoea, na kiasi cha pombe alichokizoea, vikikutana vinaweza kumuua.

Ukimkuta hivyo, mwite jina lake kwa sauti kubwa, kisha sugua kwa nguvu mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi yako. Asipoamka, piga simu ya dharura. Kama mna naloksoni, mpulizie puani, au mchome kwenye msuli wa paja kama ni ya sindano. Naloksoni huing'oa afyuni kwenye vipokezi ikakaa yenyewe. Subiri dakika 2 au 3, na kama bado hapumui vizuri, rudia. Usiku ule sisi hatukuwa nayo. Nilimwinamisha kichwa nyuma, nikamziba pua, nikampulizia mdomoni pumzi moja kila sekunde 5 mpaka msaada ulipofika, na mama akinihesabia kwa sauti. Mtu asiyepumua wala kuonyesha dalili yoyote ya uhai anahitaji pia kubonyezwa kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Akianza kupumua, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asibingirike, mkono wake uwe chini ya shavu. Akitapika, matapishi yatatoka nje badala ya kurudi kooni. Usimmwagie maji baridi, usimnyweshe kitu, usimkokote chumbani eti atembee. Wala usimwache baada ya kuzinduka: naloksoni hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90, na afyuni inaweza kuwa bado ipo mwilini ikisubiri. Nimemwona kijana aliyeamka, akatukana kila mtu, akasema amepona, na baada ya saa moja akazima tena kwenye kiti.

Kisha macho

Mboni iliyofinyika mara nyingi ni afyuni. Mboni iliyotanuka hata penye mwanga, pamoja na meno yanayosagwa na maneno yasiyokoma, inaelekeza kwenye vichangamshi: kokeini, amfetamini, methamfetamini. Macho mekundu kwa mtu aliyetulia mara nyingi ni bangi. Macho yanayorukaruka anapofuata kidole chako kwenda pembeni, na miguu isiyoshika mstari, huonekana kwenye pombe na vidonge vya usingizi. Lakini watu huchanganya, kwa hiyo macho yanakupa pa kuanzia tu. Pumzi ndiyo inayoamua haraka yako.

Vichangamshi vinahitaji maelezo, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi zinakosea namna ya kuongea. Watu husema dopamini ni kemikali ya raha. Mimi naiona zaidi kama kalamu ya wino mwekundu: inaupigia ubongo mstari chini ya jambo na kuandika "hili ni muhimu, likumbuke, lirudie". Seli ikishaimwaga, kuna pampu ndogo zinazoikusanya na kuirudisha. Kokeini inaziba pampu hizo. Methamfetamini inazigeuza zitoe badala ya kukusanya. Wino unamwagika ukurasa mzima.

Mama mmoja alimleta mumewe aliyekuwa hajalala siku mbili. Alikuwa ameifungua redio yote na kupanga skrubu zake sakafuni kwa ukubwa, kisha akazipanga upya, na upya tena, vidole vikivuja damu. Hakuwa na raha yoyote. Kila skrubu ilikuwa imepigiwa mstari mwekundu. Siku ya tatu kikohozi cha jirani kikawa ujumbe, na gari lililoegeshwa nje likawa la wapelelezi.

Mtu wa namna hiyo ukimbishia, unamthibitishia kwamba na wewe umo kwenye njama. Ukimkubalia, unamzamisha. Mwambie, "Naona umeogopa. Mimi niko hapa." Punguza taa, zima televisheni, watoe watu wasiohitajika, abaki mmoja wa kuongea. Kaa kwa upande, usimkabili uso kwa uso, na mlango usizibwe na yeyote, wewe wala yeye. Usimlaze kifudifudi na kumlalia ili kumzuia, maana moyo wake tayari unakimbia na kifua kilichobanwa kinaweza kusimama. Ngozi ikiwa ya moto kama ya mwenye homa, au akilalamika kifua kinabana, au akipata kifafa, mpeleke hospitali bila kungoja alale.

Bangi nitaipitia kwa ufupi. THC, kemikali yake kuu, hukaa kwenye vipokezi vingi vilivyo katika sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya. Ndiyo sababu mtu anaanza sentensi na kuisahau katikati, na dakika 5 zinakuwa kama saa. Akishikwa na hofu, mtulize na umkumbushe kwamba itaisha. Wasiwasi wangu mkubwa ni kwa vijana: sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kusema "subiri", huendelea kukomaa mpaka karibu na umri wa miaka 25, na kuivuta kila siku kabla ya hapo ni kuchezea nyumba ambayo bado inajengwa.

Halafu tazama saa

Swali la maana kuliko "umetumia nini" ni "mara ya mwisho lini". Ubongo unaokandamizwa kila siku hujibu kwa kusukuma upande wa pili. Dawa ikiondoka, msukumo unabaki peke yake. Hiyo ndiyo arosto.

Kwa heroini huanza baada ya saa 8 hadi 24: miayo mfululizo, makamasi, machozi, vinyweleo kusimama, mboni kutanuka, tumbo kuharisha, mifupa kuuma. Kilele ni siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Ni mateso ya kweli, na mtu anayedanganya au kuiba saa hizo anasukumwa na mwili unaolia. Ila kwa mtu mzima mwenye afya, akipewa maji ya kutosha, si kawaida kuua.

Pombe ni kinyume chake, na hapa nasema kwa uchungu. Familia humfungia mnywaji mkubwa chumbani "atoke pombe" na kufurahi ametulia. Ubongo wake ulijizoesha kupiga kelele juu ya breki ya pombe, na breki imeondolewa ghafla. Kati ya saa 6 na 48 anaweza kupata kifafa. Kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuanza kuweweseka, kutetemeka mwili mzima, kuona wadudu ukutani, na asipotibiwa anaweza kufa. Aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu, au aliyemeza vidonge vya diazepamu kwa miezi, aache chini ya uangalizi wa daktari. Mkono ukianza kutetemeka asubuhi, usingoje jioni.

Akirudi nyumbani

Kituo kilichomtibu mdogo wangu kilikaa naye miezi 3, kikatukabidhi cheti na pongezi. Hakuna aliyetuambia kwamba mwili wake ulikuwa umeusahau unga. Usiku wa mkoromo ulikuwa siku yake ya 9 nyumbani. Alirudia dozi yake ya zamani, na vipokezi vilivyokuwa vimepumzika vikaipokea kama vya mtu ambaye hajawahi kutumia. Wiki za kwanza baada ya kituo, hospitali au gereza ndizo za kuogopa kuliko zote.

Mahali nako kuna nguvu. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Shepard Siegel na wenzake walionyesha kwamba panya waliozoeshwa heroini walikufa kwa karibu mara mbili zaidi walipopewa dozi kubwa katika chumba kigeni kuliko katika chumba walichokizoea. Chumba cha siku zote huuandaa mwili kabla dawa haijaingia. Maandalizi hayohayo, dawa isipokuja, ndiyo hamu. Wiki ya kwanza mdogo wangu aliona kijiko kilichoungua chini kwa moto, akameza mate, tumbo likanguruma hadi nikalisikia. Hakuwa amefikiria lolote bado.

Kwa hiyo toa vijiko hivyo, karatasi za foili, viberiti. Geuza kitanda, badilisha chumba ikiwezekana, mpeleke njia nyingine asipite kona ya wauzaji. Akiandikiwa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, usimwambie bado anatumia dawa: inashika vipokezi polepole kwa siku nzima, hapandi wala haanguki, na anapata nafasi ya kufanya kazi na kulala. Mwambie waziwazi, hata kama inakuuma kulitamka, kwamba akirudia, dozi ya zamani itamuua, na asitumie akiwa peke yake.

Naloksoni iwekwe mahali ambapo kila mtu anapajua, pasipofungwa kwa ufunguo. Yetu iko droo ya kwanza karibu na mlango wa sebule. Mama ndiye aliyejifunza kuitumia kabla yetu sote, na mkoromo ukisikika usiku, yeye ndiye anayewasha taa.