Namna ya Kupima Kama Tangazo Lako la Kazi Linaeleweka kwa Waombaji

Waajiri wengi hulipima tangazo la kazi kwa wingi wa maombi yaliyoingia. Kipimo hicho kinapotosha, kwa sababu kwa hali ya ajira ilivyo Tanzania, nafasi yoyote itajaza sanduku la barua pepe hata ikitangazwa ovyo. Cha kutazama ni nani walioomba: je, wenye sifa walijitambua wakaomba, na wasio na sifa walijitambua wakaacha? Mwongozo huu unaeleza utaratibu ninaoufuata katika kazi ya rasilimali watu, kabla tangazo halijatoka na baada ya tarehe ya mwisho kupita. Nitatumia tangazo la kubuni, ingawa hakuna sentensi ndani yake itakayokuwa ngeni kwa msomaji:

"Kampuni inayokua kwa kasi inatafuta Mtunza Stoo mchapakazi, mwenye stashahada ya ununuzi na ugavi, uzoefu usiopungua miaka mitano na umri kati ya miaka 22 na 28. Awe tayari kufanya kazi katika mazingira magumu. Mshahara mnono. Maombi yatumwe pamoja na vyeti vyote ndani ya siku 14 tangu tarehe ya tangazo hili."

Hatua ya kwanza: Lisome kama linavyomfikia mwombaji

Usipime rasimu iliyomo kwenye kompyuta yako. Tangazo hutoka ofisini likiwa faili zima, likapigwa picha ya skrini, likasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na mtu aliyeko Kahama akalipata baada ya wiki moja likiwa limekatwa juu na chini. Jitumie tangazo hilo kwa simu ya kawaida, ulifungue bila kulikuza, kisha uangalie kama jina la mwajiri, kituo cha kazi na tarehe ya mwisho vinaonekana katika ukurasa mmoja. Hapo ndipo ubovu wa "ndani ya siku 14 tangu tarehe ya tangazo hili" unapojitokeza, kwani tarehe yenyewe imebaki kwenye kipande kilichokatwa, na msomaji hana njia ya kujua kama muda umekwisha au bado. Andika siku, mwezi, mwaka na saa ya kufunga maombi.

Hatua ya pili: Tafuta majibu sita

Soma mara moja tu, kisha uweke tangazo kando na kujibu kwa maandishi: kazi yenyewe ni ipi, iko wapi, nani anastahili kuiomba, malipo na mkataba ni wa namna gani, maombi yanatumwaje, na mwisho ni lini. Tangazo letu linajibu swali la tatu peke yake, tena nusunusu. Halisemi stoo ni ya dawa, ya vipuri au ya nafaka, wala halitaji mji. Kuhusu malipo, "mnono" si taarifa. Kama mwajiri hataki kutaja kiasi kamili, ataje kiwango cha chini na cha juu, au walau aseme kama mkataba ni wa muda maalumu. Asipofanya hivyo, atawapoteza watu wazuri katika hatua ya mwisho ya usaili, baada ya pande zote mbili kupoteza muda.

Hatua ya tatu: Chekecha masharti moja baada ya jingine

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mwingi kuliko zote. Chora jedwali lenye safu tatu: sharti lenyewe, kazi inayolihitaji, na hati itakayolithibitisha. Sharti lisilo na kitu katika safu ya pili limeingia kwa mazoea, mara nyingi kwa kunakiliwa kutoka tangazo la zamani. Sharti lisilo na kitu katika safu ya tatu halitakusaidia kuchuja, kwa kuwa kila mwombaji ataandika kwamba analo.

Kisha yasome masharti kwa pamoja, maana kuna mambo ambayo kila moja linaeleweka likiwa peke yake lakini yakikutana yanapingana. Mtu aliyemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18, akasoma ngazi ya cheti na baadaye stashahada, huhitimu akiwa na miaka 20 au 21 iwapo hakusimama popote. Mwongezee miaka mitano ya uzoefu, anafika 25 au 26. Kwa hiyo tangazo linalosema "miaka 22 hadi 28" kwa kweli linawaita watu wa miaka mitatu au minne tu, tena wale ambao hawakuwahi kukosa ada, kuuguza mzazi wala kukaa mtaani bila ajira. Mwombaji wa miaka 30 mwenye uzoefu unaotakiwa amekwisha kufungiwa mlango, na wa miaka 22 anayeambiwa aombe hawezi kuwa na sifa hizo.

Umri, zaidi ya hayo, ni suala la kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama umri, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, dini na kabila, na ulinzi huo unamhusu pia anayeomba kazi. Mwajiri anaruhusiwa kuweka sharti la aina hiyo pale tu ambapo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hilo. Maneno kama "msichana mwenye mvuto" katika matangazo ya wahudumu na wapokea wageni yaondolewe kabla hata ya kujadiliwa. Vilevile, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Tangazo linaloagiza maombi yaletwe kwa mkono katika ghorofa ya tatu isiyo na lifti linamwambia mwombaji jambo ambalo mwajiri pengine hakukusudia kulisema.

Hatua ya nne: Pima maneno na lugha

Zungushia kila neno la sifa lisilo na kipimo. "Mchapakazi" hakuna asiyejiona hivyo. "Mazingira magumu" yanaweza kuwa na maana ya zamu za usiku, kubeba mizigo, vumbi, au meneja mkali, taja lililopo. Kuhusu lugha, nina msimamo: kama kazi itafanyika kwa Kiswahili, tangazo liandikwe kwa Kiswahili. Dereva au mlinzi anayesoma tangazo la Kiingereza humtafuta mtu wa steshenari wa kumwandikia barua, nawe unajikuta unapima ufasaha wa mwandishi huyo wala si wa mwombaji.

Hatua ya tano: Wajaribu wasomaji watatu

Chagua watu watatu wanaofanana na unaowatafuta, ambao hawakushiriki kuandaa tangazo. Usiwaulize kama wameelewa, kwa kuwa kwa heshima watakujibu kwamba wameelewa. Wape kazi: "Ungeomba nafasi hii? Kwa nini?" na "Orodhesha kila utakachoambatisha." Orodha zikitofautiana, tangazo ndilo lenye kasoro. "Vyeti vyote" utaiona inavyozaa tafsiri: mmoja ataweka cheti cha darasa la saba, mwingine cha kuzaliwa, wa tatu nakala zilizogongwa muhuri wa mwanasheria kwa gharama yake.

Katika hili, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo kwa urefu wake huchosha, yana jambo la kuiga: husema pia kisichokubaliwa. Yanaeleza kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazitapokelewa badala ya vyeti, na kwamba waliosoma nje ya nchi wahakikishe vyeti vyao vimehakikiwa na mamlaka husika kama TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na NECTA (Baraza la Mitihani). Sentensi moja ya namna hiyo huzuia simu nyingi.

Hatua ya sita: Angalia kama linaaminika

Utapeli wa ajira umewafanya waombaji makini kuwa waoga. Tangazo lisilo na jina la mwajiri, lenye namba ya simu ya mtu binafsi na anwani ya barua pepe ya bure, wengi wao hulipita. Taja jina, mahali ofisi ilipo, njia ya kuhakikisha kwamba tangazo ni lako, na uandike wazi kwamba hakuna malipo yoyote katika kuomba.

Hatua ya saba: Fanya hesabu baada ya kufunga

Fungua rejesta yenye mstari kwa kila ombi na sababu moja kuu ya kukataliwa. Tuchukulie maombi ni 120 na wenye sifa ni 9. Kama waliobaki wamekosa mambo mbalimbali, ni hali ya soko. Lakini kama 70 kati yao wamekosa hati ileile, basi tangazo halikuwaambia, au liliwaambia mahali wasipoangalia. Weka pia daftari la maswali yanayoingia kwa simu. Swali likirudiwa na watu wasiojuana, jibu lake liingizwe kwenye tangazo lijalo kama lilivyo. Majina na namba katika rejesta ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo katika ripoti ya tathmini weka idadi na sababu tu.

Nafasi ya aina hiyohiyo ikitangazwa tena, rekebisha sehemu iliyoonekana mbovu zaidi na uziache nyingine, kisha ulinganishe safu ya sababu za kukataliwa katika rejesta mbili. Ukibadilisha kila kitu kwa mara moja, hutajua kilichosaidia ni tarehe iliyoandikwa wazi, kiwango cha mshahara kilichotajwa, au sharti la umri lililofutwa.