Ndege juu ya mkanda unaorudi nyuma: maliza ubishi kwa leso na gari ya mtoto

Ukikaa barazani Lamu baada ya isha unajua ubishi ukianza haulali. Wetu wa juzi ulikuwa huu: weka ndege juu ya mkanda mkubwa, mfano wa ule unaoleta mizigo pale uwanja wa Moi Mombasa, ndege ikienda mbele mkanda unarudi nyuma kwa spidi ileile, itaruka? Nusu ya baraza wakasema haing'oki, itabaki kuzungusha magurudumu tu. Jibu ni inaruka, lakini kwa mdomo hakuna atakayekubali, kwa hivyo waonyeshe.

Tafuta meza ndefu, leso moja (kanga), mshipi wa kuvulia kama mita mbili na gari mbili za kuchezea, moja ya betri na moja ya kusukuma kwa mkono. Hii ya kusukuma hakikisha magurudumu ni mepesi, mie mara ya kwanza nilichukua moja gumu gumu ikawa inabebwa na leso kama abiria, watu wakanicheka weee, mpaka nikatia tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli.

Anza na ya betri. Iwashe juu ya leso, mwenzako avute leso kinyumenyume mpaka gari isimame palepale. Hapo wale wa "haing'oki" watapiga vigelegele, waache, sababu gari hii inajisukuma kwa magurudumu, lazima ikanyage leso ndio iende, sasa leso nayo inakimbia.

Leta ya pili. Ifunge mshipi kwa mbele, wewe simama sakafuni uvute taratibu huku mwenzako anavuta leso upande wake. Gari inakuja kwako. Mwambie avute mara mbili ya hapo, bado inakuja, ila magurudumu yanazunguka kama yana wazimu. Mkononi utasikia mshipi umekaza kidogo tu, huo ni msuguano wa ekseli, basi.

Huo mshipi ndio rafadha ya ndege, lile panga linalozunguka na kuivuta mbele. Hapa mabaharia ndio huteleza: nahodha mmoja alitwambia boti ya mashine ikikutana na mkondo wenye spidi sawa na yake haisogei, na ni kweli kabisa, lakini rafadha ya boti inakata maji na maji ndiyo yanayokimbia. Ile Cessna Caravan tunayoiona ikitua Manda rafadha yake inakata hewa, na mkanda chini hauna habari na hewa. Jeti nayo ni hivyo hivyo, haijisukumi kwa magurudumu. Tuseme ndege inaruka ikifika kilomita 110 kwa saa, mkanda unarudi 110, magurudumu yatazunguka kwa 220, lakini bawa linapata upepo wa 110 na bawa ndilo linalobeba. Ndio maana rubani anauliza upepo unatoka wapi, kusi au kaskazi, anataka umpige usoni.

Atatokea mjanja aseme mkanda uende spidi sawa na ya magurudumu yenyewe. Huo mtego. Gurudumu lisiloteleza linazunguka kwa spidi ya ndege ukijumlisha ya mkanda, sasa spidi ya gurudumu na ya mkanda zikilingana ina maana ndege iko sifuri, yani yeye ashaifunga ndege kamba kabla hajakuuliza.

Na asiyetaka mambo ya leso mwambie mwaka 2008 kipindi kimoja cha televisheni Marekani walijaribu na kindege kidogo cha kweli, wakatandika turubai refu likavutwa na pikapu kinyume na ndege, kikaruka.

Kabla hujaikunja leso fanya moja la mwisho, ziba magurudumu ya ile gari ya pili kwa selotepu yasizunguke, ujaribu tena. Sasa leso inaivuta gari kwelikweli na mshipi unakuwa mzito, kwa hivyo wenzetu wa "haing'oki" wana nafasi moja tu, rubani awe kasahau mguu kwenye breki.